Mgeni Njoo, Mwenyeji Ahame

Chini ya kitanda changu hapa Langas, Eldoret, kuna sanduku la bati nililokwenda nalo shule ya bweni. Siku hizi halina sare wala sabuni. Mna madaftari matatu ya kurasa mia mbili mia mbili, na ndani yake mna riwaya yangu ya kwanza. Haijakwisha. Rafiki zangu wakinikuta njiani huniuliza, "Bwana mwandishi, kitabu kinatoka lini?" nami huwajibu kwamba kingali kinaiva. Kusema kweli kilikwama kwenye sura ya saba. Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia kilichokikwamisha.

Nilipokuwa Kidato cha Pili aliletwa darasani kwetu kijana mmoja mrefu mno, mwembamba, ambaye aliinama kila alipopita mlangoni hata pale ambapo mlango ulimtosha. Alitoka Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoko Turkana. Mwalimu alipomwuliza kwao hasa ni wapi, alijibu, "Bentiu." Basi jina likamganda. Bweni zima likamwita Bentiu, na hadi leo mimi humwita hivyo. Ajabu ni kwamba Bentiu mwenyewe hakuwahi kuuona huo mji wa Bentiu. Alizaliwa kambini mwaka 2001, akalelewa kwa mahindi ya mgao. Kwao huko Sudan Kusini alikujua kwa masimulizi ya mama yake tu, kama wewe na mimi tunavyoijua mbingu.

Siku moja katika somo la jiografia mwalimu alitundika ramani ya Afrika yenye vialama vya mafuta. Akaonyesha kwa fimbo: Nigeria, Angola, Libya, halafu akateremka hadi Sudan Kusini. "Hii nayo," akasema, "ni nchi changa lakini imebarikiwa." Bentiu akacheka. Alicheka kwa sauti hadi dawati likatikisika, akapewa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya jikoni. Jioni nilikwenda kumsaidia kidogo, nikamwuliza kilichomchekesha.

"Kuna neno moja mama yangu akilisikia hulia," akasema.

"Neno gani? Mafuta?"

"Hapana. Barabara."

Nilidhani ananitania. Lakini likizo ya Agosti alinikaribisha kwao. Mama yake alikuwa amehama kambini na kupanga chumba hapa Eldoret, kama walivyofanya Wasudani Kusini wengi ili watoto wasome. Alitupikia ugali na samaki mkavu, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, akaniuliza habari za wazazi wangu. Mwanawe alipomwambia kwamba mimi nataka kuandika vitabu, alinitazama muda mrefu. Kisha, kwa Kiswahili chake cha Kakuma, akaanza kusema.

Kijiji chao kilikuwa kusini ya Bentiu. Walikuwa na ng'ombe, mtama, na samaki maji yalipofurika. Kwanza ilikuja helikopta, ikazunguka, ikaenda zake. Halafu ikaja ndege ya Antonov ikaangusha mabomu. Halafu wakaja watu wenye bunduki wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe. Mwishowe, baada ya wenyeji kutimuliwa, yakaja matingatinga na malori ya changarawe, na pale palipokuwa na zizi lao pakainuka barabara, pana na imara, ya kupitika hata wakati wa mvua. Yeye alikuwa amejificha kwenye mafunjo na watoto wawili. Alisikia malori yakipita usiku kucha. Walitembea majuma mengi katika kinamasi wakila mbegu za yungiyungi, hadi wakafika kwa watu wa misaada, na kutoka hapo wakapelekwa Lokichoggio, kisha Kakuma. Mmoja wa wale watoto wawili alibaki njiani. Bentiu yeye alikuwa angali tumboni.

"Mafuta yenyewe sikuyaona, mwanangu," aliniambia. "Hata tone. Barabara niliiona."

Barabara ile ilikuwa ya kampuni gani? Mama hakujua, wala mimi sikumhoji.

Basi hapo ndipo nilipopata riwaya. Usiku ule ule nilianza kuandika kwenye daftari la hesabu. Nilikuwa na adui tayari: mzungu mwenye miwani myeusi, aliyeketi katika hoteli yenye kipoza hewa, kidole juu ya ramani. Sura sita zilikuja kama maji ya bomba. Nilimaliza shule mwaka 2019 nikiwa na alama za wastani na madaftari mawili yaliyojaa. Karo ya chuo haikupatikana, lakini kila nilipokosa kibarua niliingia maktaba ya umma, nikasoma kila nilichokipata juu ya nchi ile, ili mzungu wangu asimame imara.

Na kwa kweli historia ilinisaidia. Vita vya kwanza vya kusini na kaskazini vilianza mwaka 1955, kabla ya mafuta, vikakoma kwa mkataba wa Addis Ababa wa 1972. Kampuni ya Marekani, Chevron, ilipata kibali mwaka 1974, na kufikia 1978 ilikuwa imegundua mafuta, kisha ikayapata mengi karibu na Bentiu. Hapo ndipo Khartoum ilipoikumbuka kusini. Mwaka 1980 serikali ya Jaafar Nimeiri ilijaribu kuchora mpaka upya ili eneo la Bentiu liangukie kaskazini. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilichotarajiwa kujengwa Bentiu kikapangiwa Kosti, kaskazini. Watu wa kusini wakaona mchezo. Mei 1983 askari wa Bor waliasi, John Garang akaongoza SPLA, na Septemba mwaka huo Nimeiri akatangaza sharia nchi nzima. Sisemi mafuta peke yake yalileta vita. Nasema nyumba ilikuwa na ufa, na mafuta yakapenya humo. Mwaka 1984 waasi walishambulia kambi ya Chevron karibu na Bentiu wakaua wafanyakazi, kampuni ikasimamisha kazi, na mwaka 1992 ikauza haki zake ikaondoka.

Wahenga walisema, penye urembo ndipo penye urimbo. Kampuni moja ikitoka, nyingine hubisha hodi. Likaundwa shirika la ubia: kampuni ya taifa ya China asilimia 40, Petronas ya Malaysia 30, Talisman ya Kanada 25, na Sudapet ya Sudan yenyewe 5. Wakajenga bomba la kilomita 1,600 hivi hadi Port Sudan, na mwisho wa Agosti 1999 meli ya kwanza ikapakia. Ona tu jinsi wageni walivyo wa rangi zote! Mzungu wangu wa miwani akaanza kunitia aibu. Nilipaswa kumwongezea Mchina, Mmalaysia, na baada ya Talisman kuuza hisa zake mwaka 2003, Mhindi. Lakini hilo lilirekebishika. Nikawaketisha wote katika hoteli moja.

Tatizo lilikuja sura ya saba.

Sura ya saba ndiyo ya kuchomwa kijiji. Nilitaka iwe ya kweli, kwa hiyo nikarudi kwa mama yake Bentiu na kalamu mkononi. Niliuliza maswali ya kijinga ya mwandishi: ilikuwa saa ngapi, upepo ulitoka wapi, sare zao za rangi gani. Halafu nikauliza, "Walipokuwa wakiwafukuza, walisema lugha gani? Kiarabu?"

Akanyamaza. Bentiu akaniangalia kama mtu aliyekanyaga kaburi.

"Kinuer," mama akasema. "Lugha yangu. Mmoja nilijua ukoo wake. Tulicheza ngoma pamoja tukiwa wasichana na wavulana."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitoka pale bila hata kuaga vizuri. Maktabani nilitafuta tena nilichokuwa nimekiruka kwa kuwa hakikunifaa. Khartoum haikuwa na askari wa kutosha kulinda visima vyote, kwa hiyo iliwapa silaha wenyeji wapigane na wenyeji. Paulino Matip, Mnuer, aliongoza wanamgambo waliokuwa upande wa serikali hapo hapo penye mafuta. Riek Machar, naye Mnuer, aliyejitenga na Garang mwaka 1991, alitia saini na Khartoum mwaka 1997. Kisha watu wa Matip na watu wa Machar wakapigana wao kwa wao juu ya visima ambavyo vyote si vyao. Kwa kampuni iliyokaa mbali ilikuwa rahisi kusema: hayo ni mambo ya makabila, sisi tunachimba tu.

Je, walichimba tu? Swali hilo limefika mahakamani. Kampuni ya Sweden, Lundin, ilikuwa na kibali cha eneo lililoitwa Kitalu 5A, kusini ya Bentiu, hadi ilipouza hisa zake mwaka 2003. Ripoti ya muungano wa mashirika ya Ulaya iliyotoka Juni 2010 ilieleza kwamba maelfu walikufa na wengine wengi sana walifukuzwa makwao katika miaka ile. Novemba 2021 wakuu wawili wa zamani, Ian Lundin na Alex Schneiter, walishtakiwa kwa kusaidia uhalifu wa kivita kati ya 1999 na 2003. Kesi ilianza kusikizwa Stockholm tarehe 5 Septemba 2023. Mwendesha mashtaka anadai kwamba kampuni iliitaka serikali ya Sudan ihakikishe usalama penye uchimbaji, huku ikijua kwamba ili jeshi lilete huo usalama lingelazimika kwanza kuiteka ardhi kwa nguvu. Washtakiwa wanakana yote. Mimi si hakimu. Ila lile neno "usalama" limenikaa kooni. Usalama wa nani, iwapo mwenye zizi ndiye anayehesabiwa kuwa hatari?

Riwaya ikalala. Nami nilihitaji kula.

Mjomba wangu ni dereva wa lori la tangi. Januari 2023 utingo wake aliugua, akanipigia simu: "Mjomba, wewe si unaandika mambo ya Sudan Kusini? Njoo uyaone." Tulipakia petroli kwenye depo hapa Eldoret, petroli iliyokuja kwa meli hadi Mombasa na kupanda kwa bomba hadi huku kwetu. Tukapita Malaba, Tororo, Mbale, Soroti, Lira, Gulu, hadi mpakani Nimule. Kazi yangu ilikuwa kuweka mawe chini ya magurudumu, kulinda vali usiku, na kupika chai.

Nataka ulifikirie jambo hili polepole. Tulikuwa tukipeleka petroli katika nchi ambayo karibu mapato yote ya serikali yake yanatokana na mafuta. Mafuta yao ghafi huenda kaskazini kwa bomba hadi Port Sudan, yanauzwa ng'ambo. Petroli ya kuendeshea bodaboda za Juba hutoka kusini, mgongoni mwa malori kama letu.

Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami nzuri, iliyojengwa kwa fedha za Marekani na kufunguliwa mwaka 2012. Uzuri wake ndio unaotisha. Madereva wengi wameuawa pale. Tulisubiri msafara, tukaenda lori nyuma ya lori, mjomba hasemi neno, redio imezimwa. Kwenye kizuizi kimoja askari kijana, umri wangu hivi, ndala miguuni, alitaka lita ishirini. Alisema hajalipwa miezi mitano. Mjomba akanipa ishara, nikateremka na mtungi. Niliporudi nikawa nalaani.

"Wacha," mjomba akasema. "Asipolipwa na serikali atalipwa na barabara."

Neno lile tena! Nilijikunyata kitini nisiseme kitu.

Gumbo, kabla ya kuvuka Nile kuingia Juba, niliwaona akina mama wamepanga chupa za maji ya kunywa kando ya njia, zimejaa petroli ya rangi ya chai hafifu. Wanaziuza kwa bei ya juu mtu akichoka foleni ya kituoni. Mmoja alinipungia mkono, akacheka, akaniita "Kenya, Kenya." Nilitaka kumwuliza kwao ni wapi. Sikuuliza. Siku tatu baadaye tulirudi tukiwa watupu. Mjomba alinilipa shilingi elfu kumi na tano, nyingi kuliko za safari ya Kisumu kwa sababu ya hatari. Daftari langu la tatu nililinunua kwa pesa hiyo. Kwa hiyo nikiorodhesha waliokula kwenye vita vile, ni lazima na mimi nijiweke, hata kama ni mkiani kabisa.

Tangu safari ile ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini nchi ile haitulii. Amani ya 2005, iliyotiwa saini hapa kwetu Nairobi tarehe 9 Januari, iligawa mafuta ya kusini nusu kwa nusu kati ya Juba na Khartoum, baada ya kutengwa asilimia mbili kwa majimbo yanakotoka. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Julai 2011, kusini ilipata kama robo tatu ya mafuta yote, lakini bomba na bandari vikabaki kaskazini. Januari 2012, baada ya Khartoum kudai ada kubwa na kuchukua mafuta kwa nguvu, Juba ilifunga visima vyake vyote, mapipa kama 350,000 kwa siku. Havikufunguliwa hadi Aprili 2013. Miezi minane tu baadaye, tarehe 15 Desemba 2013, risasi zikalia Juba kati ya watu wa Rais Salva Kiir na watu wa Machar. Na vita vilikimbilia wapi? Bentiu na Malakal, penye mafuta. Bentiu ulitekwa na kutekwa tena, na Aprili 2014 mamia waliuawa humo, hata waliokimbilia msikitini. Watafiti wamekadiria kwamba hadi 2018 vita hivyo viligharimu maisha ya watu karibu 400,000.

Mimi naona hivi. Serikali inayoishi kwa kodi ya wakulima humhitaji mkulima, walau awe hai alime. Serikali inayoishi kwa bomba haina haja naye. Inahitaji mkono mmoja juu ya kisima na mwingine kwenye karatasi ya mauzo, na mara nyingi mafuta huuzwa kwa mkopo kabla hayajatoka ardhini. Basi anayetaka kula ni lazima ashike bunduki aukaribie ule mkono. Mgeni naye hana haja ya kuuliza mkono ni wa nani, mradi unatia saini. Februari 2024 bomba moja liliharibika katika uwanja wa vita vya Sudan, mafuta mengi yakakwama karibu mwaka mzima, na watumishi wakakaa miezi bila mshahara. Nilimkumbuka yule askari wa ndala.

Wala tusijidai sisi Wakenya. Machi 2012, Juba ikiwa imefunga visima, marais Kibaki na Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi walizindua mradi wa LAPSSET kule Lamu, na bomba jipya lilikuwa lipite kwetu. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba Turkana nako kuna mafuta. Bomba la Juba hadi Lamu halikujengwa. Lakini tulishangilia, na tulishangilia ada tutakayotoza. Kwa jirani tuliona ncha ya bomba tu.

Habari za kesi ya Stockholm zilipotoka niliwapelekea nyumbani. Bentiu sasa anatengeneza simu mjini. Alimtafsiria mama yake neno kwa neno. Mama alisikiliza, akauliza kama wale wazungu wawili walikuja mahakamani kwa miguu yao. Tukamwambia ndiyo. Akauliza kama kuna watu wa kwao waliokwenda kusema. Tukamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akasema:

"Na wetu? Wetu watasimama wapi?"

Hatukuwa na la kumjibu. Hata mkataba wa amani wa 2018 uliahidi mahakama ya kuwahukumu wa kwao, na miaka ikapita bila mahakama.

Nimerudi kwenye sura ya saba. Mzungu wa miwani bado yumo, sikumfuta, maana naye ana kesi ya kujibu. Lakini sasa yuko mbali, nyuma ya mlango. Mbele yupo kijana mwenye bunduki anayeijua ngoma ya kijiji anachokichoma, na mwanamke aliyejificha kwenye mafunjo anayeitambua sauti yake. Ni vigumu kuandika. Naandika nusu ukurasa kwa siku, siku nyingine nafuta wote.

Mwezi jana nilimsomea mama yake Bentiu kurasa nne za mwanzo. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nikangoja aseme kitu juu ya moto, au juu ya mtoto.

"Ng'ombe hakuwa mweupe," akasema. "Alikuwa na mabaka meusi, na pembe moja imepinda."

Nilitoa kalamu nikasahihisha hapo hapo.